Ofisi moja au ofisi kumi: nani hasa anailinda nyama ya bucha yako?

Swali: "Salaam aleikum daktari. Nina bucha ndogo Kisauni, niliachiwa na marehemu mume wangu. Ng'ombe wetu huchinjwa Mariakani na nyama huletwa kwa pikipiki asubuhi na mapema. Mwezi huu amekuja afisa wa afya akataka vyeti vya vijana wangu, akaja mtu wa mifugo akauliza kibali cha kusafirishia nyama, kisha watu wa mizani. Kila mmoja na malipo yake. Katikati ya hayo mteja akanitangazia mbele za watu kwamba nyama yangu imetiwa dawa kwa sababu haina nzi. Sasa nasikia serikali inataka kuuweka usalama wa chakula chini ya ofisi moja. Hiyo itatupunguzia mzigo, au ni leseni nyingine tu? Na katika hao wote wanaokuja, yuko hata mmoja anayejua kama nyama yangu ni salama? Kwani muhuri hautoshi?"

Waaleikum salaam dada yangu, na pole kwa kufiwa. Naona mambo mawili yamekukaa moyoni. Umechoka na msururu wa maafisa, na juu ya uchovu huo huna hakika kama unamfaa chochote yule mama anayenunua nusu kilo ya mchanganyiko kwako jioni. Naanza na hilo la pili, kwa sababu ukishajua nyama huharibika vipi na wapi, utaweza kuupima mwenyewe mpango wowote wa serikali utakaoletwa.

Muhuri hautoshi. Nasema hivyo nami ni daktari wa mifugo ambaye kazi yangu imekuwa ya vichinjioni, na bado nakusihi usikubali hata siku moja kupokea nyama isiyo na muhuri. Ule wino una maana yake. Maana yake ni kwamba mkaguzi alimwona ng'ombe akiwa hai, akamtazama anavyotembea, pua yake, macho yake, pumzi yake. Baada ya kuchinjwa alipasua tezi za kichwa na za mapafu akitafuta kifua kikuu. Alikata misuli ya taya, ya bega na moyo akitafuta vile vilengelenge vyeupe vya tegu, vidogo kama punje ya mchele. Alipasua ini kwa kukata mrija wa nyongo, akaubinya kwa kidole gumba, na kama kuna minyoo ya ini hutoka pale pale, bapa, ya kahawia, ukaiona kwa macho. Ini hilo haliendi sokoni.

Ukaguzi wa namna hii ulijengwa Ulaya katika karne ya 19, wakati hofu kubwa ilikuwa kifua kikuu na minyoo. Kwetu bado una kazi kubwa. Mwishoni mwa 2006, mvua kubwa zilipofuatiwa na homa ya Bonde la Ufa kuanzia upande wa Garissa, zaidi ya watu 100 walifariki nchini kabla mlipuko haujatulia mwaka 2007. Baadhi ya walioambukizwa walikuwa wamegusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Mkaguzi anayemkataa mnyama langoni akiwa bado hai anaokoa mchinjaji, mchunaji na mpishi kwa pamoja. Kimeta ni vivyo hivyo.

Lakini kuna maadui ambao jicho haliwaoni. Bakteria wa salmonela hawaonekani. Yule Escherichia coli mbaya anayeitwa O157 anaishi tumboni mwa ng'ombe mzima wa afya, mnene, anayeng'aa, na ng'ombe huyo atafaulu ukaguzi wote. Nyama ya ndani ya mnyama mwenye afya karibu haina vijidudu kabisa. Vinaingia kutoka nje: kwenye ngozi yenye kinyesi, kwenye utumbo uliotobolewa na kisu cha haraka, kwenye mkono uliotoka kuosha matumbo ukashika paja. Ndiyo maana mchunaji hodari humfunga ng'ombe koo na njia ya haja kabla ya kutoa matumbo, na humchuna akiwa ananing'inia, akiikunja ngozi kwa nje ili manyoya yasiguse nyama. Ukitaka kujua kichinjio ni kizuri, usiangalie vigae vya ukutani. Tazama mikono ya mchunaji kwa dakika kumi.

Kisha linakuja joto, na hapa Mombasa ndipo tuliposhikwa pabaya. Ulaya sheria inataka nyama ya mnyama mzima ipozwe mpaka nyuzi 7 kabla ya kutoka kichinjioni, na maini na figo mpaka nyuzi 3. Nyama yako inatoka Mariakani ikiwa bado na uvuguvugu wa mwili wa ng'ombe, inaingia mji wenye nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari, na inaning'inia mpaka Isha. Katika joto la mwili baadhi ya vijidudu huzaana maradufu kila dakika 20. Kwa hesabu ya darasani, kijidudu kimoja kikiachiwa saa 8 namna hiyo kinapita milioni 16. Juu ya ndoano haifiki huko, kwa sababu uso wa nyama hukauka na kuvipunguza kasi. Ila ukiisaga, umeuchukua ule uso wote ukauchanganya na ndani, ukaongeza majimaji na joto la mashine. Kwa hiyo nyama ya kusaga ya asubuhi iliyobaki mpaka magharibi nje ya friza ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote buchani.

Sasa huyo mteja wa nzi. Maneno yake yana chanzo. Julai 2019 uchunguzi wa televisheni ulionyesha madai kwamba baadhi ya maduka makubwa nchini yanatia nyama sodiamu metabisulfaiti. Hiyo ni kemikali inayorudisha wekundu wa nyama na kuficha harufu ya kuoza, na inaweza kumletea mgonjwa wa pumu shambulio la hatari. Watu walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Kutoka hapo ikazuka imani kwamba nyama yenye nzi ndiyo salama. Dada yangu, nzi hapimi kemikali. Nzi ametoka chooni au jaani na miguu yake imebeba alichokanyaga. Bucha yenye kioo, wavu na sakafu kavu haina nzi kwa sababu ni safi. Mwambie mteja hivyo kwa upole, mwonyeshe cheti cha siku hiyo, na usiondoe wavu kwa kumridhisha. Dalili ya kutilia shaka ni nyama iliyokaa siku tatu bado nyekundu mbichi huku mafuta yake yamegeuka rangi, au ambayo haina harufu yoyote hata ukiikata ndani.

Na kwa kuwa uko Kisauni, niseme na hili kwa heshima. Wako wanaoamini kwamba nyama ikishachinjwa kihalali basi haihitaji tena mkaguzi. Kuchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumkagua mnyama ni wajibu mbili, na dini yenyewe imetaka chakula kiwe halali na kiwe kizuri. Mchinjaji muadilifu humsubiri mkaguzi.

Tuje kwenye ofisi. Kwa nini wanakuja wengi? Si kwamba mtu alikaa akapanga kukusumbua. Sheria ziliandikwa kwa nyakati tofauti na wizara tofauti, kila moja ikitibu jeraha la wakati wake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, na ndiyo inayomleta afisa wa afya. Ikaja Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ambayo kanuni zake za usafi ndizo zinazodai leseni ya jengo lako. Miaka ya 1970 ikaja Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, iliyoweka vichinjio na usafirishaji wa nyama mikononi mwa idara ya mifugo. Shirika la Viwango lina sheria yake, na mizani ina sheria yake. Kwa miaka mingi ukaguzi wenyewe wa vichinjioni uligawanywa, huku daktari wa mifugo, kule afisa wa afya, na mvutano kati ya taaluma hizo mbili umewala watu nguvu ambazo zingeenda kwenye nyama.

Halafu Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ikazipa kaunti vichinjio, huduma za mifugo, na utoaji leseni kwa wanaouza chakula. Sera na viwango vikabaki serikali kuu. Mimi ni mtetezi wa ugatuzi. Mkaguzi aliye karibu ni bora kuliko waraka kutoka Nairobi. Ila mipaka ya kaunti ilichorwa bila kufikiria njia ya nyama.

Fuata nyama yako mwenyewe uone. Ng'ombe anachinjwa Mariakani, ambayo ni Kilifi. Mkaguzi wa pale ni mwajiriwa wa Kilifi, idara ya mifugo. Akishapiga muhuri na kuandika kibali, kazi yake imeishia langoni. Nyama inawekwa kwenye sanduku la bati nyuma ya pikipiki, inateremka barabara ya Nairobi zaidi ya kilomita 30, inapita Mazeras, inakwama kwenye foleni ya Changamwe jua likianza kuwaka, inakatiza kisiwani, inavuka daraja la Nyali ndipo inakufikia. Ikishaning'inia kwako ni ya Kaunti ya Mombasa, idara ya afya. Hapo katikati, kwa saa moja au mbili, sanduku lile kwenye karatasi lina wenyewe wawili na kwa vitendo halina hata mmoja. Lilioshwa lini? Jana lilibeba nini? Kuna matumbo na steki humo humo bila kutenganishwa? Mkaguzi wa Kilifi hakulifungua likifika, na afisa wa Mombasa hakuliona likiondoka.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wengi hulitumia neno hilo kudai ofisi moja. Mimi naona shida yetu nyingine: wako manahodha wengi bandarini, na kuna kipande kirefu cha bahari ambacho chombo kinakwenda bila nahodha yeyote. Maafisa wanajazana buchani kwa sababu bucha iko barabarani, haikimbii, na ina pesa. Pikipiki ya saa 12 asubuhi haina mtu wa kuingoja. Mpango wowote utakaopunguza idadi ya maafisa buchani bila kuweka mtu kwenye kipande hicho utakupunguzia wewe kero, na mlaji hatapata kitu.

Wengine wamepitia haya. Uingereza ukaguzi wa nyama ulikuwa chini ya mamia ya halmashauri, kila moja na ukali wake, mpaka Aprili 1995 walipoukusanya chini ya chombo kimoja cha taifa cha usafi wa nyama. Ukasema wamemaliza. Machi 1996 serikali yao ikatangaza kwamba ugonjwa wa ng'ombe wazimu huenda umeingia kwa binadamu kupitia nyama, na watu wakauliza mbona walihakikishiwa miaka yote kwamba hakuna hatari. Kilichoonekana ni kwamba wizara iliyokuwa ikimlinda mlaji ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikitafutia wafugaji soko. Mwaka 2000 wakaunda Mamlaka ya Viwango vya Chakula, nje ya wizara ya kilimo, na wakaguzi wa nyama wakawekwa chini yake. Kukusanya ofisi hakukutosha. Ilibidi watenganishe anayekuza biashara na anayeisimamia.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Kichinjio kwa kaunti ni mapato. Kila kichwa cha ng'ombe kina ada yake. Mkaguzi akikataa ng'ombe watatu asubuhi moja, au akifunga kichinjio wiki nzima kwa sababu hakina maji, anagusa makusanyo ambayo bosi wake ameahidi kuyapeleka. Hakuna haja ya rushwa hapo. Shinikizo la kawaida la ofisini linatosha. Kama nguo, usafiri au chai ya mkaguzi inatoka kwa mwenye kichinjio, mambo yameharibika zaidi. Nikiulizwa niondoe kitu kimoja tu katika mfumo wetu, nitaondoa hicho: uamuzi wa mkaguzi usiwe na uhusiano wowote na hesabu ya mapato.

Afrika Kusini ilipata somo chungu zaidi. Mwaka 2017 hadi 2018 bakteria aitwaye listeria aliugusa umma kupitia nyama ya kusindikwa iitwayo poloni, kutoka kiwanda cha Polokwane. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga. Machinjio yao yako chini ya sheria ya usalama wa nyama ya mwaka 2000 na yanasimamiwa upande wa kilimo. Kiwanda cha kusindika kiko upande wa afya ya manispaa. Hatari ikakaa upande ambao uangalizi wake ulikuwa mwepesi.

Na jirani zetu, ambao wengi wenu mna ndugu kwao Tanga na Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyotokana na sheria ya 2003. Wafanyabiashara wakalalamika kama unavyolalamika wewe, kwamba mamlaka hiyo na Shirika la Viwango wanapima kitu kile kile na kutoza mara mbili. Julai 2019 kazi za chakula zikahamishiwa Shirika la Viwango, na ile mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba. Nyama tayari ilikuwa na bodi yake kwa sheria ya 2006. Kwa mwenye kiwanda cha juisi au unga, mlango mmoja ni nafuu ya kweli. Lakini katika bucha ya mtaani anayeingia bado ni afisa afya wa halmashauri. Kubadilisha jina la ofisi ya juu ni kazi ya sheria moja ya bunge. Kumbadilishia kazi mtu wa chini kunataka mafunzo, mafuta ya pikipiki na kipimajoto mfukoni.

Kwa upande wetu, mazungumzo unayoyasikia yanatokana na mswada uliofikishwa Bunge la Taifa mwaka 2023 kuhusu kuratibu udhibiti wa usalama wa chakula cha watu na cha mifugo. Watu wanasema "ofisi moja", lakini mswada ule ulipendekeza ofisi ya mdhibiti wa kuratibu zile zilizopo, bila kuzimeza. Hoja ya uratibu si mpya. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui, na ikaonekana wazi kwamba kilimo, afya na viwango kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari na hakuna aliyekuwa na picha nzima.

Basi mizani yangu ni hii. Mimi naunga mkono uratibu, na sitaki ofisi moja kubwa itakayomeza kila kitu. Daktari wa mifugo anajua magonjwa ya mnyama. Afisa wa afya anajua jengo, maji na mshika chakula. Ukiwaweka chini ya paa moja kwa amri tu, utapata miaka mitano ya kugombania vyeo, na katika miaka hiyo mitano nyama inaendelea kuliwa kila siku. Tuna mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine. Baada ya ile homa ya Bonde la Ufa, wizara ya afya na ya mifugo ziliunda kitengo cha pamoja cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Daktari wa watu na daktari wa mifugo wanakaa meza moja, na hakuna aliyemeza mwenzake.

Nitakachotaka kukiona ndani ya sheria yoyote ni vitu ambavyo havina mvuto wa kutangazwa redioni. Nataka rekodi moja inayomfuata mnyama kutoka kibali cha kuhama malishoni hadi ndoano ya bucha, na isomwe na Kilifi na Mombasa kwa usawa. Nataka ukaguzi mmoja wa bucha unaotambuliwa na wote, ili afisa wa pili asije kurudia alichoandika wa kwanza. Nataka sampuli zichukuliwe sokoni mara kwa mara na zipelekwe maabara. Maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Mariakani hapo hapo, karibu na kichinjio chenu. Matokeo yake yatangazwe hata yakiaibisha. Bila sampuli tutaendelea kubishana kuhusu nzi.

Je, utalipa zaidi? Hilo ni la kuliwekea macho. Ofisi mpya inayoruhusiwa kutoza ada kwa mwenye bucha bila kuondoa ada ya zamani ni leseni nyingine tu, kama ulivyosema. Katiba inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi kabla ya kupitisha sheria, na kaunti vilevile. Hao wenye bucha wa Kisauni, Likoni na Changamwe mkikaa pamoja mkaandika kurasa mbili, mkaorodhesha kila ada mnayolipa sasa na ofisi inayoitoza, mtakuwa mmetoa ushahidi wenye uzito kuliko semina nyingi za hotelini. Semeni waziwazi: ada mpya isianze kabla ya zile za zamani kufutwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna mambo yaliyo mikononi mwako. Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha sindano. Nyama ikifika, ichome katikati ya paja uandike ni nyuzi ngapi na saa ngapi. Weka daftari: tarehe, kichinjio, nambari ya kibali, aliyeleta, hali ya sanduku. Fungua sanduku mbele ya kijana wa pikipiki, unuse, utazame kona. Sanduku likiwa na damu iliyoganda ya jana, rudisha nyama. Ukirudisha mara moja, wiki ijayo litakuja limeoshwa. Agiza kidogo mara nyingi kuliko nyingi mara moja. Ninginiza ile utakayouza ndani ya saa chache, iliyobaki iwe kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake. Saga mteja anapoomba, mbele ya macho yake. Matumbo yawe na kisu chake na meza yake. Gogo likwanguliwe kila jioni mpaka mbao safi ionekane, lisuguliwe kwa maji ya moto na dawa ya klorini, liachwe likauke. Gogo lenye mifereji mirefu limekwisha, lipeleke jikoni likawe kuni. Na usitegemee friza ikusafishie nyama, kwa sababu baridi inavilaza vijidudu na haiviui. Kinachokufa kwa kugandishwa siku nyingi ni tegu.

Waambie wateja pia kwamba moto hauponyi kila kitu. Mabaki ya dawa za mifugo hayaondoki kwa kuchemshwa, ndiyo maana mfugaji anatakiwa kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuuza ng'ombe aliyetibiwa. Pilau ya harusi iliyolala kwenye sufuria kubwa mpaka asubuhi huotesha vijidudu ambavyo mbegu zake zilistahimili moto. Na kachumbari iliyokatwa kwenye ubao uliokatiwa nyama ya mishkaki haipitii moto kabisa.

Kuna wakati ambapo kusoma jibu kama hili hakufai, na lazima uonane na mtu ana kwa ana. Mtoto akiharisha damu baada ya kula nyama, akipungukiwa mkojo au akipauka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na msimpe viuavijasumu vya dukani. Kwa ule ugonjwa wa O157 vinaweza kumzidishia madhara kwenye figo. Mjamzito mwenye homa baada ya kula nyama ya kusindikwa asisubiri. Wateja wawili watatu wakija na malalamiko ya tumbo kwa nyama ya siku moja, simamisha mauzo, weka kipande kilichobaki kwenye mfuko safi ndani ya friza ukiandika tarehe, mpigie afisa wa afya wewe mwenyewe kabla hajakupigia. Anayejitokeza husaidiwa. Na mfugaji yeyote akikuletea ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi ikimtoka puani na haigandi, msimpasue. Mwiteni daktari wa mifugo, na msiguse kwa mikono mitupu, hicho huenda ni kimeta.

Kuhusu hao waliokuja mwezi huu, nenda ofisi ya afya ya umma ya Kisauni na ofisi ya mifugo ya kaunti na daftari lako mkononi, na nakala za vyeti vya vijana wako, ambavyo vinatakiwa kufanywa upya kila miezi 6. Waulize kila mmoja anatumia kifungu gani cha sheria na malipo yanaingia akaunti ipi, na usitoe pesa taslimu mkononi kwa mtu bila risiti ya kaunti. Afisa akitaka kukufungia bucha, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inakupa haki hiyo. Ofisi mbili zikikupa maagizo yanayopingana, andika barua moja uzipelekee zote mbili kwa pamoja, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uibandike hiyo nakala ndani ya daftari.